Bwana Mifugo Anajibu: Ekari Tatu za Mkuranga na Majani Yasiyopewa Nafasi ya Kuota

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwa wasomaji wanaoishi Dar es Salaam na wenye vijishamba Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu majibu ya wengine kadhaa yamo humo humo.

Habari za kazi, Bwana Mifugo. Mimi ni mstaafu, ninaishi Mbagala na nina ekari tatu Mkuranga, ambako mwanangu anafuga ng'ombe wawili wa asili, ndama mmoja na mbuzi wanane. Tulisikia kwamba malisho yakigawanywa na kulishwa kwa zamu ardhi hurudiwa na rutuba, nasi tukagawa shamba vitalu vinne na kuhamisha mifugo kila Jumatatu. Huu ni mwaka wa pili. Kitalu kilicho karibu na zizi kimebaki mchanga mtupu, na vingine vimejaa magugu ambayo hata mbuzi hawayagusi. Tumekosea wapi? (Mstaafu, Mbagala)

Mzee mwenzangu, katika kugawa hamkukosea. Mmekosea katika siku. Kila kitalu kinaliwa kwa siku 7, kisha kinapumzika siku 21. Tazama kinachotokea ndani ya hizo siku 7 wakati wa masika. Shina lililoliwa Jumatatu huanza kuchipua kabla ya Alhamisi, na kwa kuwa chipukizi hilo ni laini na tamu kuliko majani yote yanayolizunguka, ndilo ambalo ng'ombe atalirudia Ijumaa. Mmea ulikuwa umetumia akiba yake ili uchipue. Ukikatwa tena kabla majani mapya hayajairudisha akiba hiyo, mizizi hufupika, na mmea wenye mizizi mifupi kwenye kichanga cha Pwani haufiki Septemba. Gugu lisiloliwa halipati msukosuko huo hata siku moja, ndiyo maana limeshinda.

Mfaransa mmoja, André Voisin, alilifafanua jambo hili katika miaka ya 1950: kinachochakaza malisho ni muda ambao mmea unakaa mbele ya mdomo wa mnyama, wala si idadi ya wanyama peke yake. Wasukuma hawakumsubiri awaambie. Ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yaliwe kiangazi, zilikuwepo muda mrefu, na zilipokuwa zimepungua sana mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuzifufua kwa kuutegemea utaratibu huo wa wenyeji. Shamba lako linahitaji mambo mawili: mifugo ikae muda mfupi mahali pamoja wakati wa mvua, na sehemu ya shamba ifungwe kama ngitili.

Sasa tupige hesabu, na mwanao aifanye kwa mkono wake, asichukue zangu. Ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 250 hula kwa siku malisho yenye uzito wa kama asilimia 3 ya mwili wake yakishakaushwa, yaani kilo 7.5. Ng'ombe wawili ni kilo 15, ndama nimwekee kilo 3, na mbuzi wanane kilo moja moja, jumla kilo 26 kwa siku. Achukue fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, ailaze kwenye majani ambayo si mazuri sana wala si mabaya sana, akate kwa mundu na kuacha urefu wa upana wa vidole vinne kutoka ardhini, kisha ayaanike juu ya gunia mpaka yavunjike yakikunjwa, halafu ayapime. Afanye hivyo mahali pengi, kwa sababu fremu moja hudanganya. Tuseme wastani umetoka gramu 150. Kilo 26 zinahitaji basi mita za mraba 173 hivi kwa siku. Ukiondoa nyumba, zizi na njia, ekari zako tatu zinabaki na kama mita za mraba 11,000, zinazotosha siku 63 kabla ya kurudi mlipoanzia.

Kwa hiyo, kwa kadirio hilo, shamba lenu lina vipande 63 vya siku moja moja, nanyi mmelikata vinne. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nusu ya vipande hivyo ingetosha kuzungukwa kwa siku 31 au 32, na nusu nyingine ikafungwa. Lakini kalenda isiwe bwana. Kabla ya kuingiza mifugo, mwanao achuchumae ashike kishina kimoja: akiona majani mapya matatu yaliyofunguka kabisa na jani la chini limeanza kuwa la manjano, mmea umepona; lakini akivuta kidogo ukang'oka na mizizi yake, asubiri. Na kama siku ya 32 imefika na majani hayajarudi, jibu ni kwamba mifugo imezidi, hata kama jibu hilo halipendezi.

Hapo ndipo ninapoona tatizo lenu la pili. Kuanzia Juni hadi Septemba ni siku 120 hivi, na kwa kilo 26 kwa siku mtahitaji kilo 3,120 za malisho makavu. Yakiwa kwenye marobota ya kilo 15, hayo ni marobota 208. Sehemu yake itatoka kwenye nusu mliyofunga, lakini kwa ekari tatu za kichanga mimi nisingetegemea itoke yote. Uzeni mbuzi watano mwishoni mwa Mei, wakiwa wamenenepa, badala ya kungoja Agosti mkawapeleka sokoni mbavu zikihesabika. Najua mwanao atanuna.

Uzio wa umeme unaotumia nguvu ya jua unarahisisha kazi, lakini msiutolee pesa ya ada za wajukuu. Kamba inatosha kwa ng'ombe: kamba ya mita 4 iliyofungwa kwenye kigingi humpa mnyama duara la mita za mraba 50, ambazo kwa gramu 150 ni kilo 7.5, yaani chakula cha ng'ombe mmoja kwa siku moja. Kigingi hicho kihamishwe kila asubuhi, ndoo za maji zimfikie pale alipo, na saa za jua kali avutwe kivulini. Mbuzi hawakai vizuri na kamba, kwa maana hujisokota mpaka wakajinyonga. Hao wapate mchungaji au wavu.

Kitalu kilichobaki mchanga kisilishwe mwaka huu. Jengeni zizi jepesi la miti linalohamishika, mifugo ilale juu ya mchanga huo usiku sita au saba, kisha lisogezwe hatua chache, na kuendelea hivyo mpaka kitalu kimepata samadi na mkojo chote. Mvua za vuli zikikaribia, sieni mbegu mahali hapo. Shamba la serikali la mbegu za malisho la Vikuge, wilayani Kibaha, si mbali nanyi. Ulizeni mbegu za majani ya Rhodes na za jamii ya mikunde. Kwenye mpaka wa shamba pandeni lukina au glirisidia, miti ambayo majani yake ni chakula cha mifugo, ila lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, kwa kuwa ina sumu inayowanyonyoa wanyama manyoya wakiila kupita kiasi.

Shikamoo Bwana Mifugo. Nina mbuzi kumi na wanne Kisarawe. Kila masika ninapoteza watatu au wanne. Wanavimba chini ya taya, wanakonda na kufa ilhali majani yamejaa. Nawapa dawa ya minyoo kila mwezi na bado wanakufa. (Mama wa watoto watatu, Gongo la Mboto)

Marahaba, mwanangu. Uvimbe huo wa chini ya taya kwa mbuzi wa masika hunifanya nifikirie kwanza minyoo inayofyonza damu tumboni, ingawa bwana mifugo wa kata yako ndiye atakayethibitisha kwa kupima kinyesi. Mayai yake hutoka na kinyesi, na kwenye joto na unyevu wa huku kwetu huwa viluwiluwi tayari kuambukiza ndani ya siku nne hadi saba. Viluwiluwi hivyo hupanda kwenye majani yenye umande, na vingi haviendi juu zaidi ya vidole vinne hivi. Mbuzi anayekula karibu na ardhi, mahali alipolala wiki iliyopita, anajilisha minyoo yake mwenyewe.

Nakuambia hivi kwa sababu nami yalinipata. Mwaka mmoja niliwaacha mbuzi wangu karibu na lango mwezi mzima, kwa uvivu tu, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na kule mbali kulikuwa na matope. Nilizika mbuzi watano, mmoja akiwa na mimba.

Wahamishe kabla ya siku ya nne, wasirudi mahali hapo kabla ya wiki sita hadi nane, wafungulie baada ya umande kukauka, na uwape vichaka vingi kuliko nyasi, maana mbuzi ni mlaji wa matawi kwa asili yake. Ukiweza kupitisha ng'ombe mahali walipokula mbuzi, fanya hivyo. Minyoo ya mbuzi kwa sehemu kubwa haistawi ndani ya ng'ombe mzima. Na dawa ya kila mwezi kwa kundi zima iache, kwa sababu unaifundisha minyoo kuizoea. Kila baada ya wiki mbili mshike mbuzi, ushushe kope la chini kwa kidole gumba na utazame ndani juani: pakiwa pekundu mwache, pakiwa peupe kama karatasi mpe dawa siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha uzito wake. Mbuzi yule yule akihitaji dawa kila mara, usimzalishe.

Nimeambiwa kwamba anayefuga kwa kurudisha uhai wa ardhi hapaswi kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, kwani dawa inaua wadudu wa samadi. Nina ng'ombe chotara watatu Chanika. Niache? (Mwalimu, Ukonga)

Usiache, mwalimu. Aliyekuambia ana nusu ya ukweli, nayo ni nusu hatari. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za kupe, na ile sindano ya minyoo inayoitwa ivamektini, hubaki kwenye mavi na kuwadhuru wale dundu weusi wanaoviringisha na kufukia samadi. Chimba mavi ya siku mbili kwa kijiti: ukikuta yametobolewa na udongo umepandishwa juu, unao wafanyakazi wasiodai mshahara, na inafaa kuwalinda. Lakini kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia ndiye anayeleta ndigana kali, na anaweza kukaa malishoni bila kula kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Kupumzisha kitalu siku 60 hakumsumbui. Ng'ombe chotara asiye na kinga hufa kwa ugonjwa huo ndani ya wiki chache tu.

Wachanje ndigana kali. Ni sindano inayotolewa pamoja na dawa ya oksitetrasaikilini, mara moja katika maisha ya mnyama, naye hutundikwa hereni sikioni. Baada ya hapo utaweza kupunguza kuogesha kwa ushauri wa mtaalamu, lakini si kuacha kabisa, kwani chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, mkojo wa damu wala maji moyo, na yote matatu huletwa na kupe. Ukiwa na shaka kuhusu mnyama aliyekufa, Wakala ya Maabara ya Veterinari iko Temeke, nako ni mwendo wa daladala tu kutoka kwako.

Je, kuku wanaweza kufuata nyuma ya ng'ombe kama wanavyofanya Marekani? (Kijana, Kibaha)

Wanaweza. Joel Salatin, mkulima wa jimbo la Virginia, ndiye aliyeupa utaratibu huo sifa: kuku huingia kitaluni siku tatu au nne baada ya ng'ombe kutoka, wakati funza wa nzi wamenona ndani ya mavi, nao huyachakura na kuyatawanya. Virginia, hata hivyo, haina nguchiro wa Kibaha, wala kenge. Banda lako la kuhama liwe na sakafu ya wavu mgumu na mlango unaofungwa kabla ya magharibi. Wape pumba na mashudu kama kawaida, maana funza na majani ni nyongeza tu. Na chanjo ya kideri ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu, la sivyo utabaki na banda zuri lisilo na kuku.

Nyama ya ng'ombe aliyelishwa majani matupu itanipatia bei nzuri zaidi mnadani Pugu? (Mfanyabiashara, Buguruni)

Hapana. Mnunuzi wa Pugu analipa kwa jicho: kimo, unene na umri. Majani aliyokula hayaonekani. Ukitaka bei hiyo, tafuta wateja wako mwenyewe, watu wachache wanaokufahamu, chukua oda zao mapema, kisha mnyama achinjwe machinjioni, akaguliwe na kupigwa muhuri kabla hujamkabidhi mtu kilo yake.