Hisabati yangu iliishia BAM: nitaweza uchumi wa afya?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mfamasia wa hospitali ya wilaya mkoani Kigoma, mwaka wa tano kazini. Natamani kusoma uzamili wa uchumi wa afya, ila mambo mawili yananikwaza. Hisabati niliyosoma mwisho ni BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, ya kidato cha sita. Halafu mganga mfawidhi wangu anasema huo ni uhasibu wa hospitali tu, na mfamasia anayeacha dawa akahesabu pesa amepotea njia. Ni kweli?
Mfamasia, Kigoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la mfawidhi wako, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nami nilikuwa mfamasia.

Mwaka 2005 nilikuwa duka la dawa Mpwapwa. Hati Punguzo ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia: mjamzito anapewa hati kliniki, anakuja nayo dukani, anaongeza fedha kidogo, anaondoka na chandarua. Siku moja akaja mama, hati ameifunga kwenye pindo la khanga. Akauliza nyongeza ni kiasi gani, akaifunga tena, akatoka. Baada ya wiki mbili akarudi, bado hana. Sikumwona tena. Kwenye daftari langu la mauzo hayumo, kwa sababu hakununua kitu. Mhasibu hana safu ya kumwandika mama yule. Mchumi wa afya anaanzia kwake: nani amekosa huduma, kwa nini, na fedha ileile ingeokoa maisha mangapi kama ingetumika kwa namna nyingine.

Miaka mingi baadaye, darasani, tukapewa utafiti wa wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas uliochapishwa mwaka 2010. Ulifanyika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Chandarua kilipotolewa bure, karibu kila mama alichukua. Kilipouzwa kwa senti 60 za dola, katika kila akina mama 100 waliochukua walipungua kama 60. Tena waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure, wakati watu wengi waliamini kwamba cha bure hakithaminiwi. Nilisoma ukurasa ule nikaliona pindo la khanga. Mwambie mfawidhi wako hivyo, kwa adabu.

Sasa hisabati. BAM inatosha kuingilia, haitoshi kutokea. Mimi jaribio langu la kwanza la ekonometria, yaani takwimu za uchumi, nilipata alama 31, nikafikiri nirudi nyumbani. Sikukosa akili, nilikuwa na kutu ya miaka minane. Usiende na kutu. Miezi mitatu kabla ya muhula, kila usiku saa moja: logi, kutafuta mteremko wa mkunjo, uwezekano, wastani na mtawanyiko. Zile matriksi ulizodhani umeachana nazo utazikuta kwenye modeli za Markov, ambako watu unaowafuatilia wanahama kila mwaka kutoka uzima kwenda ugonjwa, wengine kwenda kifo, na kila hatua ina gharama yake. Ukiweza kuijenga modeli ndogo kwenye Excel kwa mkono wako, Stata, programu ya takwimu utakayoikuta chuoni, haitakutisha.

Na usijidharau. Wenzangu waliotoka shahada ya uchumi walinipita mbali kwenye milinganyo, lakini tulipopiga gharama za kutibu malaria ilibidi waniulize mseto wa mtoto wa kilo 12 ni vidonge vingapi. Ni 6, kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu. Hawakuwa wamewahi kufikiria dawa inayoisha muda stoo, wala nesi anayetumia dakika 20 kumweleza mama namna ya kumpa mtoto. Vyote hivyo ni gharama, na wewe unavijua kwa macho.

Kuhusu mahali: York huko Uingereza ina jina kubwa la siku nyingi, Cape Town vilevile, na Nairobi somo linafundishwa. Kama kwako ada ndiyo mlima, tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza unaodai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao unao tayari. Chevening wanataka pia urudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo. Mimi naliona sharti jema, wachumi wa afya tunawahitaji hapa.

Jambo la mwisho ndilo wengi wanalichelewesha. Wewe ni mtumishi wa halmashauri. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo kabla hujapata chuo, na barua ya ruhusa ya masomo ipitie kwa huyohuyo mfawidhi kwenda kwa mkurugenzi. Ichape wiki hii, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.