Erika ni ya mlimani, iacheni huko

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa waliopanda Kilimanjaro likizo.

Juu kidogo ya kambi ya Mandara, njia ya Marangu, nimeona miti ina majani kama ya mvinje na maua meupe. Ni mvinje wa mlimani?

Hapana, mvinje ni wa pwani. Hiyo ni erika, *Erica arborea*. Ukishika tawi utaona vijani vya milimita chache vimekizunguka kijiti, na kila ua ni kengele ndogo kuliko punje ya mchele.

Ililetwa na Wazungu?

Kilicholetwa ni jina, alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Mmea wenyewe ni mwenyeji wa Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ruwenzori na Ethiopia, kama ulivyo mwenyeji wa nchi za Mediterania. Tuache kudhani kila ua zuri lilikuja na meli.

Kitabu changu cha zamani kinataja Philippia. Ndiyo hiyo hiyo?

Ni ndugu yake. *Philippia excelsa* siku hizi ni *Erica excelsa*, nayo imo Kilimanjaro.

Binti yangu ni Erika. Ni jina la ua hili?

La binti linatokana na Erik wa Skandinavia. La mmea asili yake ni Kigiriki.

Nilichimba mche nikaupanda Dar, sasa unakauka. Niuwekee mbolea gani?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Hakuna mbolea. Erika inataka baridi, ukungu na udongo wenye asidi, na Dar hupati baridi hiyo wala ukungu huo. Halafu umeuchimba ndani ya hifadhi ya taifa, na hilo ni kosa la jinai.

Kule juu erika ina kazi. Ukungu ukipita, matone yananasa kwenye vijani na kwenye ndevu za kijivu za kuvumwani (lichen) zinazoning'inia matawini, kisha yanadondoka; simama chini yake asubuhi ulowe mabega bila mvua kunyesha. Maji hayo hushuka ardhini. Lakini mti huu unawaka upesi, na moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu. Oktoba 2020 tuliona wenyewe mlima ukiungua siku kwa siku. Erika iliyoungua huchipua tena shinani, ila ikiunguzwa tena na tena inabaki kichaka cha kiunoni. Kwa hiyo warina asali, wapagazi na wageni: kinga cha moto kimwagieni maji, mpekue majivu kwa mkono, na msiondoke mpaka yapoe.