Maswali ya Wasomaji: Kusahau Baada ya Matibabu ya Saratani ya Titi

SWALI: Mshauri, salaam. Mimi ni mama wa miaka 47, mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana nilitolewa titi la kushoto, nikapewa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, mizunguko 6. Nilimaliza miezi 8 iliyopita, na sasa ninameza tamoksifeni kila siku. Daktari anasema ninaendelea vizuri. Shida yangu ni kichwa. Zamani madeni yote ya wateja nilikuwa nayo kichwani bila daftari. Siku hizi nikihesabu magunia, mtu akinisalimia tu inabidi nianze upya. Juzi niliwalipa wabebaji mara mbili. Hata jina la mjukuu wangu lilinipotea akiwa amesimama mbele yangu. Binti yangu anasema ninajiendekeza, na jirani mmoja ameniambia kuna mkono wa mtu. Je, saratani imepanda kichwani? Au ni hivi vidonge, niviache?

JIBU: Mama, pole sana kwa uliyoyapitia, na pole tena kwa kutoaminiwa nyumbani mwako, maana nimeona katika barua yako kwamba hilo linakuuma kuliko usahaulifu wenyewe. Kabla ya yote, ujue kwamba hali unayoieleza inajulikana katika tiba, imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 20, na wanawake wengi waliotibiwa saratani ya titi huieleza kwa maneno yanayokaribiana sana na yako. Hujiendekezi, huna wazimu, na hakuna mtu aliyekutupia kitu.

Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia wanawake 581 wenye saratani ya titi pamoja na wengine 364 wasio na saratani. Miezi 6 baada ya kumaliza kemo, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliona kwamba uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri umeshuka, ilhali kwa wale wasio na saratani walioona hivyo walikuwa kama 14 katika kila 100. Kwa walio wengi hali hiyo hupungua polepole katika miezi na miaka inayofuata. Kwa wachache hubaki kwa muda mrefu zaidi. Wewe umemaliza miezi 8 tu iliyopita, na bado una nafasi kubwa ya kupata nafuu.

Umeuliza chanzo, na jibu lake si moja. Watu hudhani kwamba dawa ya kemo huingia ubongoni na kuuchoma, lakini dawa kadhaa zinazotumika sana kwa saratani ya titi, ikiwemo ile nyekundu ambayo kila aliyepewa anaikumbuka, hupenya ubongoni kwa shida. Kinachofika huko kwa urahisi zaidi ni kemikali ambazo mwili wenyewe huzitoa unapopambana na ugonjwa au kuumizwa na dawa, za aina ileile inayomfanya mtu mwenye malaria awe mzito wa kichwa na asitake kusemeshwa. Juu ya hapo kuna upungufu wa damu, usingizi mbaya, uchovu, hofu, na kukoma kwa hedhi kunakoletwa ghafla na matibabu. Hata saratani yenyewe ina sehemu yake, kwa sababu baadhi ya wanawake hupimwa na kukutwa na dalili hizi kabla hawajapata dripu hata moja. Picha za MRI zilizopigwa muda mfupi baada ya kemo zimeonyesha kupungua kidogo kwa baadhi ya sehemu za ubongo, hasa zile za mbele, na zilizopigwa mwaka mmoja baadaye zikaonyesha kwamba sehemu ya upungufu huo imerudi.

Sehemu hizo za mbele ndizo zinazotuwezesha kushika jambo moja huku jingine likipita, na hapo ndipo mfano wako wa magunia unapofundisha kuliko vipimo vingi. Kuhesabu hukukusahau. Hesabu inahitaji kushikiliwa akilini wakati unaitikia salamu, na mshiko huo ndio uliolegea. Wabebaji nao uliwalipa mara mbili, yaelekea, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa ukizungumza na mteja, na kilichofanyika bila usikivu hakikuhifadhiwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu mtu anayeamini kwamba kumbukumbu yake imekufa hukata tamaa, lakini anayejua kwamba usikivu wake umepungua anaweza kuulinda.

Kwa hiyo, magunia yahesabiwe kwa alama: chora mstari kwa kila gunia, na atakayekusalimia umwitikie baada ya kuchora. Madeni yote yaingie kwenye daftari saa ileile, mbele ya mdaiwa. Malipo yanayopita kwenye simu yana faida ya kuacha ujumbe, basi usiufute. Kazi ya hesabu ifanye asubuhi kabla soko halijachangamka, nawe hujachoka. Tembea kwa miguu nusu saa siku nyingi za wiki, kwani mazoezi ni miongoni mwa mambo machache yaliyoonyesha kusaidia, na usiku ulale. Dawa ya kumeza iliyothibitishwa kuondoa usahaulifu huu haipo, na ninakusihi usinunue dawa ya mtu anayekuahidi kwamba anayo. Ukienda kliniki, eleza tatizo hili kwa mifano uliyoniandikia, uombe upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, na useme ukweli kuhusu usingizi na huzuni, kwa maana hayo yana tiba.

Kuhusu tamoksifeni: usiiache. Ni kweli inawezekana inachangia, kwa kuwa inazuia kazi ya homoni ambayo ubongo nao huitumia. Lakini kwa mwanamke ambaye saratani yake inalishwa na homoni hiyo, kuimeza kwa miaka 5 hupunguza hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa takriban theluthi moja, na faida hiyo huendelea kwa miaka mingi baada ya kumaliza. Ikikuelemea, mwambie daktari anayekutibu. Zipo njia za kubadilisha, lakini njia hizo azichague yeye pamoja na wewe.

Saratani ya titi inaweza kweli kusambaa hadi ubongoni, ila usahaulifu wa namna yako peke yake, usio na dalili nyingine, kwa kawaida si ishara yake. Dalili zinazotisha nimezieleza katika jibu linalofuata. Binti yako mpe ukurasa huu ausome mwenyewe, kisha mpe kazi: jioni akae nawe, mlinganishe daftari na pesa.

SWALI: Mama yangu, mkazi wa Nansio, Ukerewe, alitibiwa saratani ya titi miaka 3 iliyopita. Wiki mbili hizi anaamka na maumivu makali ya kichwa, anatapika asubuhi bila homa, anachanganya majina yetu, na mkono wa kulia umekosa nguvu. Tulipima malaria, hakuna. Ndugu wanasema ni ile hali ya kusahau ya waliopata kemo, tusubiri kliniki ya mwezi ujao.

JIBU: Ndugu yangu, msisubiri. Usahaulifu unaofuata kemo huja taratibu, hauumizi kichwa na haulegezi mkono. Maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, kutapika, udhaifu wa upande mmoja, macho kuona ukungu au degedege kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani ya titi vinahitaji picha ya ubongo mapema iwezekanavyo, kwa kuwa ugonjwa unaweza kujitokeza huko hata miaka mingi baadaye. Upo uwezekano kwamba ni kitu kingine, hata shinikizo la damu, lakini picha ndiyo itakayoamua, na ikiwa ni uvimbe kuna dawa za kupunguza msukumo ndani ya kichwa zinazoweza kumpa nafuu ndani ya siku chache, na mionzi baadaye.

Leo hii mpelekeni hospitali ya wilaya hapo Nansio, apimwe na apewe barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako kuna idara ya saratani. Chukueni karatasi zake zote, hasa majibu ya kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye titi, yanayoonyesha aina ya saratani yake, na dawa anazomeza mzibebe na paketi zake. Asisafiri peke yake. Degedege likimpata, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mkimbieni hospitalini hata kama ni usiku.