Pampu Haina Ulevi, Mama

SWALI: Mwanangu nesi, habari za kazi. Nina miaka 61. Nimekaanga samaki kwa kuni pale Feri tangu ujana, sigara sijawahi kuvuta. Hospitali walinipima TB, sina. Wakasema mapafu yana ugonjwa sugu, wakanipa pampu ya salbutamol. Kila masika nabanwa kifua, na nikipuliza sioni nafuu. Majirani wanasema niiache, eti nikiizoea ndiyo basi tena. Nifanyeje?
Mama wa Tandika

JIBU: Shikamoo mama. Pampu usiiache. Salbutamol haina ulevi, kazi yake ni kulegeza misuli iliyobana njia ya hewa. Wanaoiogopa hufikishwa kwetu wamechelewa, na jambo hilo linaniuma sana.

Ninachohofia ni kwamba dawa haikufikii kifuani. Wengi hubonyeza, ikaishia kooni. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, kijana akutoboe tundu kitakoni linaloenea mdomo wa pampu, azungushie plasta hewa isivuje. Tikisa pampu, toa pumzi, ziba mdomo wa chupa kwa midomo yako, bonyeza mara moja tu, vuta taratibu, kisha zuia pumzi ukihesabu mpaka 10 kama utaweza. Ndipo urudie. Chupa ioshe kwa sabuni, ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, dawa itaganda pembeni.

Masika mafua ni mengi, na mvua inawafanya watu waingize jiko la mkaa ndani. Hilo la jiko nakusihi sana: likae nje, au wanao wakuchangie mtungi mdogo wa gesi. Mapafu yako yamekula moshi wa kutosha.

Tena kubanwa mara nyingi hutoa taarifa mapema. Makohozi yanazidi, yanageuka manjano au kijani, na safari ya bombani inakutaka upumzike njiani. Ukiona hivyo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, mchana, usingoje usiku. Huenda wakakupa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, kwa kawaida ya siku 5, na antibayotiki kama makohozi yamebadilika rangi. Usijinunulie duka la dawa: prednisolone ikitumiwa ovyo hupandisha sukari na presha.

Ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikiwa ya bluu, au wakikuona umechanganyikiwa ama unasinzia ovyo, waite bajaji usiku huohuo. Njiani usilale. Keti ukiinamia mbele, vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa midomo uliyoibana kama unapoza chai.

Siku kifua kikiwa shwari, tembea kidogo kila asubuhi kabla vumbi la barabarani halijatimka. Miguu yenye nguvu haikuchoshi pumzi upesi.

Kliniki ijayo nenda na pampu na chupa yako, umwombe nesi akutazame unavyovuta. Muulize pia daktari kama unafaa kupewa dawa ya kuvuta ya kila siku, maana salbutamol ni ya kukufungua tu pale unapobanwa.