Makanisa kufanya kazi pamoja: hela na saruji visikae kanisani kwa mtu

Mimi ni Muanglikana wa Newala, na miaka sita sasa ni katibu wa kamati ya makanisa pale kijijini kwetu, yaani sisi, Wakatoliki, Walutheri na kanisa moja la Kipentekoste. Watu huwa wananiuliza mnawezaje, maana kwao ushirikiano unaishia kwenye kwaya kualikana Pasaka basi. Naandika tuliyojifunza, na mengine tuliyajua baada ya kuumia.

Huku kusini kila kanisa lilizoea kuwa na eneo lake toka zamani. Waanglikana walianza misheni Masasi 1876, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaja Ndanda 1906, kila mmoja akajenga vya kwake, wazee wetu wamekulia humo, ukitaja kijiji mtu anakwambia hapo pa Wakatoliki, hapo petu. Kwa hiyo mkikaa kikao leo kuna swali kila mtu analo moyoni na hakuna anayelitoa, mradi utaitwa wa nani? Sisi mwaka wa kwanza tuliliruka. Tukachangishana, tukanunua mifuko 40 ya saruji ya kujengea tanki la maji, tukaiweka stoo ya kanisa mojawapo kwa sababu ndo lilikuwa na stoo ya maana, alafu baada ya miezi miwili tunaenda kuchukua tunakuta imeshajengewa uzio wa nyumba ya mtumishi. Wakasema watarudisha. Watu walikasirika mpaka salamu zikawa za shida, na wakati huo akina mama wanaendelea kuamka saa kumi alfajiri kushuka bondeni na ndoo, wapande tena ule mlima na lita 20 kichwani. Hilo ndo liliniuma kuliko saruji yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, hela ikae kwenye akaunti ya kamati yenye watia saini watatu wa makanisa tofauti, na vifaa vikae ofisi ya kijiji, mtendaji anaandika kwenye daftari kila mfuko unaotoka. Mapato na matumizi yasomwe kila mwezi kwenye matangazo ya Jumapili, karatasi ileile makanisa yote. Bila hiyo karatasi watu wasingerudi.

Pili, msianze na ibada ya pamoja. Najua wengi hawatapenda, ila mchungaji wa Kipentekoste alitwambia wazi kusali na sisi bado hajawa tayari, kubeba mchanga yuko tayari hata kesho. Tukamwambia njoo ubebe mchanga baba mchungaji. Alikuja na vijana 15. Sala za pamoja zilikuja zenyewe mwaka wa tatu, tena kwenye msiba.

Kazi tuliyochagua ni kuvuna maji ya mvua kwenye paa la zahanati, baada ya kupata kibali cha halmashauri maana jengo ni lao. Watu hudhani paa halitoi kitu ila piga hesabu, mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, sasa paa la mita za mraba 100 mvua ikipiga milimita 10 tu ni karibu lita 1,000, inapungua kidogo ya kuvuja na kurukia nje. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe kwanza, yanakuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na gata zisafishwe kabla ya Novemba, hili tunalisahau sana.

Alafu ndugu zangu, Mtwara hii majirani zetu wengi ni Waislamu. Tulienda kwa shehe mapema, kabla hata ya kununua msumari, na fundi wetu wa gata alitoka msikitini. Tukakubaliana hakuna jina la kanisa kwenye tanki na hakuna kuhubiri pale bombani, mama mwenye mtoto ana homa amefuata maji, mwache achote aende.

Michango nayo ina msimu wake. Ukitangaza ahadi mwezi wa tatu unamuumiza mtu bure, hana kitu, hela yote inaenda shamba. Sisi tunaandika ahadi kwa kilo za korosho, mtu anasema kilo 5 au 20, ikianza minada na malipo yakiingia ndo anatimiza kwa bei aliyouzia. Mwaka tulioanza hivyo waliotimiza walikuwa wengi kuliko miaka yote ya bahasha.

Kama na nyie mnataka kuanza, minada huwa inafunguka kama Oktoba hivi, kwa hiyo nenda kwa wazee wa kanisa la jirani wakati watu bado wanapiga salfa, ile dawa ya mikorosho, mkubaliane kwanza nani anashika daftari.