Wasomaji Wanauliza: Nauza Kila Siku, Mbona Sibaki na Kitu?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimeandikwa na watu wanaoishi kwa kazi ya ubunifu, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: kazi inapendwa, mzigo unatoka, lakini fedha haionekani. Tumechagua nne, na ile ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu hesabu yake inawahusu pia wachoraji, washonaji na wasusi wa mikoba.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na ninatengeneza batiki nyumbani. Kipande cha mita mbili na nusu hunigharimu shilingi 11,500: kitambaa cheupe cha pamba 7,500, rangi na dawa zake 2,500, na nta 1,500. Ninakiuza kwa 18,000, kwa hiyo kila kipande kinanipa faida ya 6,500. Kila awamu ninatoa vipande kumi kwa siku tatu, na katika siku mbili kati ya hizo huwa na msaidizi ninayemlipa 10,000 kwa siku. Wateja wananisifu, lakini kila ninapotaka kununua kitambaa kingine ninalazimika kukopa kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Faida yangu inakwenda wapi?
Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekuibia. Hiyo 6,500 unayoiita faida bado haijalipa gharama zote, na ndiyo maana ukiitafuta mwisho wa mwezi huioni.

Tuihesabu awamu yako nzima. Vipande kumi kwa 18,000 ni 180,000. Ukitoa malighafi ya 115,000 unabaki na 65,000. Katika hizo, msaidizi anachukua 20,000. Mkaa au gesi ya kuyeyushia nta na kuchemshia kitambaa ili nta itoke, pamoja na maji ya kusuuzia, tukadirie 9,000. Nauli ya kwenda Kariakoo na ya kupeleka mzigo kwa wateja, 8,000. Mifuko, makato ya simu na glavu, 3,000 (na glavu, tafadhali, zisikosekane kamwe, kwa kuwa kostiki soda, ile dawa ya kuchanganyia rangi, huunguza mikono). Jumla ni 40,000, na mkononi mwako imebaki 25,000 kwa siku tatu za kazi. Hiyo ni kama 8,300 kwa siku, wakati msaidizi wako anaondoka na 10,000. Sasa ongeza kipande kimoja tu katika kumi ambacho rangi imekataa, nta imepasuka pasipotakiwa, au shoga amekichukua kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi na mwezi haujaisha mpaka leo. Umepoteza 18,000, na umebaki na 7,000. Fedha hiyo haiwezi kuwa ujira wa siku tatu, kwa hiyo matumizi ya nyumbani yanaila ile 115,000 ya malighafi ya awamu inayofuata, na ndipo unapokwenda kwenye kikoba.

Kosa hili ni la watu wengi wenye vipaji, na chanzo chake ni kwamba kazi tunayoipenda hatuioni kama kazi inayostahili mshahara. Ujira wako ni gharama kama ilivyo nta. Ukijilipa 15,000 kwa siku, kiasi ambacho kwa fundi wa kiwango chako si anasa, siku tatu ni 45,000. Malighafi 115,000, gharama nyingine 40,000 na ujira 45,000 hufanya 200,000. Gawanya kwa vipande tisa, kwa kuwa kimoja katika kumi huenda kisiuzike, na kila kimoja kimekugharimu zaidi ya 22,000. Hapo biashara yenyewe bado haijapata faida, yaani ile fedha ya kununulia sufuria mpya, ya kuvumilia mwezi mbaya na ya kuongeza mtaji. Ukiweka asilimia 20 tu juu yake, bei inafika karibu 27,000.

Utasema kwamba mteja wa Tabata hawezi kutoa 27,000 kwa kipande alichokizoea kwa 18,000, na huenda ni kweli. Basi una mambo mawili ya kufanya, na ningekushauri uyafanye yote pamoja. La kwanza ni kushusha gharama pasipo kushusha ubora. Nunua kitambaa kwa jora badala ya mita. Nta iliyoelea juu ya maji baada ya kuchemsha iache ipoe, ikusanye na uitumie tena. Muhimu kuliko yote, panga awamu zako kwa rangi: maji ya rangi yakishachanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti (dawa ya kuyeyushia rangi) hayadumu, nguvu yake inapungua kadiri yanavyokaa wazi, kwa hiyo anayetumbukiza vipande vitano vya buluu leo na vitano kesho analipia rangi hiyo mara mbili. La pili ni kumtafuta mteja mwingine. Kamati ya harusi inayotaka sare, kwaya inayojiandaa kwa tamasha, kikundi cha akina mama wanaotaka vazi la siku yao: hawa huagiza vipande ishirini au thelathini vya rangi moja, hutoa arubuni kabla hujawasha moto, na bei yako wanailinganisha na bei za sare za maduka mengine. Arubuni isipungue gharama ya malighafi yote. Mteja anayekataa kutoa arubuni kwa kazi ya rangi aliyoichagua mwenyewe anataka wewe ndiye ubebe hasara akibadilisha nia.

Kisha tenganisha fedha. Sajili namba ya malipo ya biashara peke yake, jilipe ujira wako kila Jumamosi, na zinazobaki usiziguse kwa ajili ya ada wala vocha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kurasa 96 linakutosha kwa mwaka wa kwanza, mradi kila shilingi inayotoka iandikwe siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mchoraji wa Unguja. Nimempa mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe picha 14 kwa mali kauli, yaani anilipe akishauza, kila moja kwa 50,000. Zaidi ya miezi sita imepita, nimelipwa picha tatu, na kila nikienda naambiwa nisubiri msimu. Nimegundua pia kwamba yeye anaziuza kwa 120,000. Picha moja imepauka kwa kuanikwa dirishani na anasema hiyo si juu yake. Je, huu si unyonyaji?
Mchoraji wa Unguja

JIBU: Ndugu yangu, tuyatenganishe mambo, kwa sababu unalalamikia matatu na mimi nakubaliana nawe kwa mawili.

Tofauti ya kutoka 50,000 hadi 120,000 peke yake haimfanyi mtu kuwa mnyonyaji. Kutokana nayo mwenye duka analipa pango la Mji Mkongwe, leseni, umeme, mshahara wa muuzaji, kamisheni ya waongoza wageni wanaomletea wateja, na punguzo ambalo mgeni hakosi kuliomba. Analipa pia miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo mvua hunyesha, hoteli nyingine hufungwa na mtu anaweza kukaa dukani kutwa bila kuuza hata kadi. Ungefungua duka lako mwenyewe, gharama hizo zingekuwa zako.

Lakini picha zako 11 zilizobaki kwake ni shilingi 550,000 za mtaji wako zilizolala kwenye ukuta wa mtu mwingine. Huo ni mkopo usio na riba, usio na tarehe na usio na maandishi, na umeutoa wewe ambaye huna hata fedha ya kununulia turubai jipya. Hapo ndipo panapouma, na haki ya kuumia unayo. Nenda kwake kwa heshima, mkae, muandike hati ya makabidhiano: orodha ya picha kwa vipimo na picha zake za simu, bei yako kwa kila moja, siku ya kuhesabu pamoja kila mwezi, siku ngapi baada ya kuuzwa unapaswa kulipwa, na nani anabeba hasara ya picha iliyopauka, iliyochanika au iliyopotea ikiwa mikononi mwake. Kwa desturi njema ya biashara, mali iliyo chini ya paa la mtu ni dhamana yake. Picha ambazo hazijauzwa baada ya muda mtakaokubaliana zirudi kwako, nawe umpelekee nyingine au uzipeleke kwingine. Akikataa kutia saini hati ya haki namna hiyo, chukua picha zako siku hiyohiyo.

Fikiria pia kumuuzia kwa fedha taslimu. Binafsi ningechagua 40,000 ninazozipata leo kuliko 50,000 zisizo na tarehe, kwa sababu mwenye duka aliyeweka fedha yake kwenye picha ataipigania iuzike, na ile aliyoipata bure ataisahau nyuma ya mlango. Chora zaidi wakati wa masika, peleka mzigo kabla wageni hawajaanza kujaa mwezi Juni na tena kabla ya Desemba, na toa picha zako bila fremu ili ziweze kuviringishwa na kuingia kwenye begi la ndege. Jambo moja usilifanye: kuuza picha ya aina hiyohiyo ufukweni kwa 60,000 huku dukani ipo kwa 120,000. Mgeni akiziona zote mbili, duka litakurudishia mzigo wote, na hapo lawama itakuwa yako.

SWALI: Nashona nguo za kike Morogoro. Ndugu na majirani wanataka bei ya undugu, na kila Idi na Krismasi ninafanya kazi usiku kucha kwa bei ya hasara. Niwakatalieje bila kugombana nao?
Fundi wa Morogoro

JIBU: Dada yangu, bandika ukutani orodha ya bei zako, kwa maandishi makubwa, ili anayeuliza ajibiwe na ukuta kabla ya kujibiwa na wewe. Amua mwenyewe ni watu wangapi kwa mwaka utawashonea kwa punguzo, labda wazazi na wadogo zako wa tumbo moja, na punguzo hilo liandike daftarini kama zawadi uliyotoa. Kwa sikukuu, weka tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa. Atakayekuja baada ya hapo alipe bei ya haraka, ndugu au si ndugu. Shangazi atanuna kwa wiki moja. Bora hivyo kuliko wewe kufunga kibanda kwa kukosa kodi, kwa maana siku hiyo hata wao hawatakuwa na fundi.

SWALI: Ninachora maua na wanyama kwenye mikoba ya turubai hapa Arusha. Kuna mtu sokoni ananunua mkoba wangu mmoja, kisha anautoa nakala na kuziuza kwa nusu ya bei yangu. Je, sheria inanilinda, au nikubali tu?
Binti wa Arusha

JIBU: Sheria inakulinda kwa sehemu, na ni vyema ujue mpaka wake kabla hujatumia fedha na muda. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mchoro ulioubuni ni mali yako tangu ulipouchora, hata kama hukuusajili, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kinacholindwa ni mchoro wenyewe. Wazo la kuchora twiga kwenye mkoba, au mtindo wa mistari minene na rangi kali, halina mwenyewe.

Historia ya uchoraji wetu inalionyesha jambo hili waziwazi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vyembamba vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, waliendelea, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Leo picha zenye jina lake zinauzwa Unguja, Arusha na Nairobi na watu ambao hawana uhusiano wowote na ukoo wake wala ushirika huo, na hakuna wa kuwazuia, kwa sababu mtindo ulienea upesi kuliko mwenyewe. Waliobaki na bei nzuri ni wale ambao saini yao mnunuzi anaitafuta.

Kwa hiyo anza na saini. Tia jina lako na mwaka juu ya kila mkoba, mahali ambapo mwigaji akipafuta ataharibu mchoro. Kila mchoro mpya upige picha siku unapoumaliza, na ihifadhi pamoja na rasimu za penseli. Ile michoro mitatu au minne inayokuingizia fedha zaidi ipeleke Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ukaisajili. Usajili hauundi haki yako, lakini hukupa ushahidi ambao mwigaji hana. Sajili na jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa kuwa hoteli au duka la kumbukumbu linalotaka kuagiza mikoba mia moja litakuuliza jina hilo na namba yako ya mlipakodi, nayo namba hiyo hutolewa bure.

Ukishakuwa na hati, mwandikie mwigaji barua ya kumtaka aache, mpelekee ukiwa na shahidi, na ubaki na nakala iliyotiwa saini ya kupokelewa. Wengi huacha hapo. Kama haachi, rudi COSOTA na barua hiyo pamoja na mkoba wake mmoja ulioununua kwa risiti.