Nusu mwaka wa kusoma: andika kwa nini ulikifunga kitabu

Wadogo zangu, Alhamisi iliyopita pale barazani mliniuliza kama mtu anayeanza kusoma vitabu kwa mpango mwezi wa saba ameshachelewa. Niliwajibu juu juu, maana magharibi ilikuwa imeadhiniwa na kila mtu anawahi kwake. Jibu lenyewe lilikuwa kwenye daftari langu, na daftari lilikuwa nyumbani Makorora, hapa Tanga. Sasa ninalo hapa mezani, basi nawaandikia yaliyomo.

Januari niliandika ndani ya jalada: vitabu 24. Viwili kila mwezi. Leo ni Juni 30, siku ya 181 ya mwaka, na nilivyovimaliza ni 9. Vinne nimeviacha njiani. Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma kwa mpango, hesabu kama hii ilinikata maini kabisa. Nililifunga daftari mwezi wa sita na sikuligusa tena mpaka mwaka ukaisha. Miezi sita ilinipotea kwa kuionea haya namba, na ile ndiyo miezi ambayo ningesoma zaidi kuliko yote, kwa sababu kazini hakukuwa na pilikapilika. Sitaki yawakute nyinyi.

Mnajua kazi yangu ni ukarani kwenye ghala la mkonge. Karani wa ghala haandiki marobota yaliyoingia peke yake. Huandika yaliyotoka, tarehe, gari lililobeba, na robota likirudishwa huandika sababu: limelowa, limefungwa vibaya, daraja si lenyewe. Ikifika nusu mwaka mkubwa wangu haangalii sana safu ya yaliyoingia. Anakwenda moja kwa moja kwenye safu ya sababu, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha paa linavuja wapi. Nilikuwa nikimjazia safu hiyo kila siku ya Mungu, na bado ilinichukua miaka mitatu kuona kwamba daftari langu la vitabu halina kitu kama hicho. Lilikuwa na majina ya vitabu na alama ya vema, basi.

Siku hizi lina safu tano: tarehe, kitabu, ukurasa nilioishia, saa, na kwa nini nimefunga. Hiyo ya tano ndiyo ninayotaka muichukue. Kila unapofunga kitabu, hata kama umesoma nusu ukurasa, andika kilichokufungisha. Maneno mawili yanatosha. "Umeme." "Mgeni." "Mtoto kaamka." "Nimechoka na huyu mhusika." Usijipambe na usijilaumu, andika kama karani.

Niwaonyeshe ukurasa wangu wa Februari. Nilikuwa nasoma Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1974:

Feb 11, uk. 48, saa 4 usiku, usingizi.
Feb 12, uk. 51, saa 4 usiku, usingizi.
Feb 13, uk. 52, saa 4 na nusu usiku, usingizi.
Feb 15, uk. 61, saa 5 usiku, usingizi. Naacha.

Kwa miezi minne niliamini kitabu kile kimenishinda. Nilijiambia kina mawazo mazito mno, kwamba huyo Kazimoto, mhusika mkuu, na maswali yake juu ya maana ya maisha anahitaji msomaji mwenye elimu kunizidi. Jumapili moja ya mwezi huu nilikaa na kalamu nyekundu nikaihesabu safu ya tano kuanzia Januari. Usingizi umeandikwa mara 37, na zote 37 ni baada ya saa tatu usiku. Vitabu vinne nilivyoviacha, vyote nilikuwa navifungua usiku. Vile 9 nilivyovimaliza, 7 nilivisoma kati ya sala ya alfajiri na saa moja asubuhi, nikisubiri gari la kazini.

Nilikaa kimya kitambo. Kitabu hakikuwa na kosa, na akili yangu haikuwa na kosa. Saa ndiyo iliyokuwa mbaya. Mtu aliyesimama ghalani tangu asubuhi, akarudi akapika, akaosha vyombo, hawezi kumpa Kezilahabi kitu chochote saa nne ya usiku isipokuwa kichwa kinachoanguka kifuani. Kama ningekuwa na idadi tu, 9 kati ya 24, ningeendelea kujiona mvivu.

Kwa hiyo jibu la swali lenu: hamjachelewa, lakini msianze kwa kujiwekea idadi. Anzeni kwa kuandika wiki tatu, halafu someni safu ya tano. Kwa mwingine wenu asubuhi ndiyo mbaya, ana watoto wa kuwaandaa kwa shule. Mwingine yuko huru saa nane mchana dukani, wateja wakipungua. Mimi siwezi kuwachagulia saa. Daftari litawachagulia.

Sababu ya pili kwa wingi kwangu mwaka huu ni "neno". Mara 14. Nimekutana na neno nisilolijua, nikakasirika, nikafunga. Karibu zote ni za mwezi wa tano, nilipoanza utenzi wa Mwana Kupona, yule mama wa Pate aliyemwandikia binti yake wasia mwaka 1858. Kiswahili chake ni cha kaskazini, cha huko kwenye visiwa vya Lamu, na sisi wa Tanga tuliozoea vitabu vya shule tunajikwaa tangu mlangoni. Nilikwama kwenye "upulike". Niliona aibu kumuuliza mtu, kana kwamba mtu mzima hatakiwi kutojua neno la lugha yake mwenyewe.

Jirani yangu wa nyumba ya pili ni bibi mtu mzima sana, macho yamemchoka na hasomi tena. Nilimpelekea uji jioni moja, nikajikaza nikamuuliza. Akasema, "Pulika si kusikiliza, mwanangu? Hebu nisomee." Nikamsomea kama ninavyosoma barua ya kikazi. Akaninyamazisha kwa mkono. "Huo hausomwi mbio hivyo. Hesabu." Akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa kidole, vipande vinne vya mizani nane nane, na kila mwisho wa ubeti, kile kina cha "ya" kilipofika, alikuwa akiwahi kabla yangu na kukitamka yeye. Ubeti wa kumi nilikuwa sihitaji tena kuuliza maneno mengi. Sauti ilikuwa inanifafanulia. Tulisoma hivyo jioni nne, na tarehe ya mwisho nimeandika kwenye safu ya tano: "umekwisha, Bibi amelia."

Nawaomba sana, mkikwama kwenye tenzi au kwenye vitabu vya zamani, kamusi ichukueni, lakini kwanza wafuateni wazee walio karibu nanyi. Huku kwetu Ngamiani, Chuda, hata Pangani na Mkinga, bado wapo watu wanaoyabeba maneno hayo vichwani, na hawatakuwapo siku zote. Neno utakalolipata kitandani kwa bibi hutalisahau.

Wawili wenu mliniuliza mwanzie kitabu gani. Mimi ningeanza na Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, na si kwa sababu ni mtu wa kwetu tu, ingawa hilo pia nalionea fahari. Alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, akafariki 1962, na amezikwa huko huko Machui. Alikuwa karani wa forodha miaka mingi. Nikichoka na leja zangu huwa namkumbuka, mtu aliyeshinda na hesabu za serikali ya wakoloni na bado akatuachia mashairi na hadithi zile.

Ila sababu yangu kubwa ni ya kikazi kabisa: kitabu kile kimekatwa kwa ajili ya msomaji mwenye muda mdogo. Karama ameshitakiwa katika nchi inayoelea angani, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita. Mimi nilisoma mjumbe mmoja kila alfajiri. Siku sita, safari sita, na kila siku nilifunga mahali ambapo hadithi yenyewe inapumzika. Mtu anayeanza anahitaji kitabu chenye vituo. Ukianza na riwaya ndefu isiyo na pa kupumulia, utafunga katikati ya tukio, kesho utakuwa umesahau nani alikuwa nani, na safu ya tano itajaa "nimepotea".

Juu ya idadi, nitasema kidogo. Leo nimeifuta 24 nikaandika 18, kwa wino, bila kuona haya. Zimebaki siku 184. Kurasa kumi kila asubuhi ni kurasa 1,840, sawa na vitabu tisa vya kurasa mia mbili mbili. Tisa na tisa ni kumi na nane. Namba ya Januari ilitoka kwenye hamu, hii imetoka kwenye daftari, na naiamini zaidi.

Na jambo moja ambalo wageni wa kusoma hawaambiwi: Tanga yetu ina unyevu, na masika iliyopita imeniharibia vitabu viwili. Nilikuwa nimevipanga vikigusa ukuta wa nje. Mwezi wa tano nikavikuta vimeota kuvu mgongoni na kurasa zimegandana. Acheni nafasi ya mkono kati ya rafu na ukuta, msivishindilie vikabanana, na kila wiki vifungueni vipate hewa. Msivianike juani, gundi hukauka na kurasa zikaanza kung'oka. Anikeni kivulini penye upepo. Sasa kusi inavuma, siku moja barazani inatosha. Na kitabu cha kuazima, kiwe cha maktaba ya mkoa au cha mwenzako, kifunge kwenye mfuko wa nailoni ukitoka nacho wakati wa mvua. Cha kwangu kimoja kilichoharibika kilikuwa cha kuazima. Nilikinunua kingine nikakirudisha, lakini mwenyewe alikuwa ameandika maoni yake pembeni mwa kurasa, ya miaka mingi, na hayo sikuweza kuyanunua.

Alhamisi njooni na madaftari. Asiye na kaunta buku achukue karatasi tatu azishone. Msiniletee majina ya vitabu, nileteeni safu ya tano tuisome pamoja, kila mtu na ya kwake.

Kichwamaji nimekifungua tena Jumatatu ya wiki iliyopita, kuanzia ukurasa wa kwanza, baada ya sala ya alfajiri, dirisha likiwa wazi. Huu ndio mstari wa leo:

Juni 30, uk. 97, saa 12 na dakika 50 asubuhi, gari limefika.